Mume wangu anataka pikipiki ya 650 nyuma ya Canter yetu

Yaya,

Nakusalimu wewe, mkubwa wetu, na wote wanaosoma ukurasa huu. Mimi ni mama mshonaji. Watoto wetu wote wana nyumba zao, na tangu mwaka jana mimi na baba yao tumepangisha nyumba yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, tunaishi ndani ya Canter, lori letu dogo. Juu yake tumejenga sanduku la mbao na bati: kitanda, rafu za vitambaa, tangi la maji la lita 200 na cherehani mbili. Yeye anatengeneza cherehani za watu, mimi nakata na kushona. Februari inapoanza, kila mama anatafuta wa kumshonea kitenge cha tarehe 8 Machi, siku ya wanawake. Julai inapofika, ni mashati meupe na sketi za bluu za shule. Tunaifuata kazi: Likasi, Fungurume, Kolwezi, kisha tunarudi na kushika njia ya Kasenga.

Tukishaegesha, turubai inafunguliwa, cherehani zinatoka nje, wateja wanakuja. Shida inaanza tukipungukiwa uzi, makala ya kupikia (makaa) au chumvi. Inabidi kufunga kila kitu na kuwasha lori zima kwa sababu ya kununua uzi. Tena kuna vijiji vya ndani ambako njia ni ya baiskeli tu. Canter haifiki, na watu wanatembea na cherehani kichwani kutuletea. Ndiyo sababu tumekubaliana kununua pikipiki, tuibebe nyuma ya Canter.

Tusichokubaliana ni pikipiki ipi. Kuna mtu wa Kitwe, Zambia, anauza Kawasaki KLR650, pikipiki kubwa ya injini ya cc 650 hivi. Mume wangu ameiona mara moja na moyo wake umebaki huko. Anasema njia zetu zinahitaji nguvu, na kwamba mtu wa umri wake akipanda pikipiki ndogo kama TVS, kila mtu atamsimamisha akidhani ni manseba, dereva wa pikipiki ya abiria. Mimi nataka hiyo hiyo TVS, au Boxer, kwa sababu nimeona jinsi manseba wanavyobebea watu watatu na gunia la unga.

Namna ya kuibeba nayo imetuchanganya. Fundi wa kwanza alisema atachomelea kibebeo kwenye bampa. Wa pili anasema tununue trela. Mpwa wetu anasema tuiingize ndani ya sanduku, tukunje meza.

Kuna jambo jingine, Yaya. Mimi sijui kuendesha pikipiki wala Canter. Yeye akienda kijijini nabaki peke yangu porini na nyumba ambayo siwezi kuisogeza. Sijamwambia kwamba hilo linanitisha. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika franga, sitaki aone kwamba namnyima.

Niambie ukweli.

Mama wa cherehani, Lubumbashi

*

Mdogo wangu,

Nianze na jibu, sababu zitafuata. Iacheni hiyo 650 ya Kitwe. Nunueni TVS HLX au Bajaj Boxer, ya cc 125 au 150. Kibebeo kifungwe kwa boliti kwenye shasi, fremu ya chuma iliyo chini ya Canter, kisiguse bampa. Ndani ya sanduku mnamolala pikipiki isiingie hata usiku mmoja. Na wewe ujifunze kuiendesha.

Wengi wanaotaka kubeba pikipiki nyuma ya gari wanaanzia dukani. Wanachagua inayowapendeza macho, kisha wanamwachia fundi kazi ya kutafuta namna ya kuibeba. Mimi niliyezeekea kwenye malori nakuambia muanzie nyuma ya Canter. Mkia wake una kilo unazoweza kuhimili na una upana wake, na pikipiki inayozidi hapo haiwafai hata ikitolewa bure.

Tuangalie kilo. HLX na Boxer zikiwa na mafuta ziko kati ya kilo 110 na 125 hivi. KLR650 inakaribia 195. Weka na kibebeo cha chuma, ambacho kikitengenezwa imara kinafika kilo 30 au 35. Tuseme basi mzigo wote ni 150 kwa pikipiki ndogo na 230 kwa kubwa. Lakini ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma, haitasikia 150 wala 230, itasikia zaidi. Mzigo unaoning'inia nyuma ya magurudumu ni kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya ubao wa kubembea: huku anashusha, kule anainua. Chukua Canter yenye mita 3.35 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na pikipiki iliyokaa mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 150 zitaongeza kilo 240 kwenye ekseli hiyo na kuondoa 90 mbele. Kilo 230 zitaongeza 367 nyuma na kuondoa 137 mbele, mahali penye magurudumu ya usukani. Hapo gari bado limesimama. Likianza kuruka kwenye mashimo, kila kishindo kinazidisha mzigo huo, na kinachoumia ni springi, tairi na viungo vya kibebeo.

Umesema mna tangi la lita 200. Hizo ni kilo 200 likijaa, na hukuniambia liko wapi. Kama liko nyuma ya ekseli, linavuta upande ule ule wa pikipiki. Robota za vitenge nazo ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo kabla ya kutoa franga yoyote, pelekeni Canter kwenye mizani ya malori ikiwa kama mnavyosafiri: maji yamejaa, vitambaa viko ndani, cherehani ziko ndani, nyinyi wawili mmekaa mbele. Pimeni ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Halafu someni kibati cha kiwanda kinachosema kila ekseli inaruhusiwa kubeba ngapi, na someni ubavuni mwa tairi, maana na zenyewe zimeandikwa mzigo wake. Nafasi inayobaki ndiyo mtakayoigawia pikipiki.

Upana nao usisahauliwe. Nyuma ya lori pikipiki inakaa kwa kukingama, kutoka ubavu hadi ubavu. HLX na Boxer zina urefu wa mita 2 hivi. KLR650 ina karibu mita 2.3. Pima sanduku lenu. Kama lina mita 2, hiyo Kawasaki itatokeza tairi au kipande cha tairi pembeni, na nyinyi mnapita njia ya Likasi na Kolwezi pamoja na malori ya shaba na kobalti, usiku na mchana, katika vumbi ambalo wakati mwingine huoni taa za aliye mbele yako. Kitu kinachotokeza ubavuni kwenye njia ile kitagongwa. Kwangu mimi hoja hii peke yake ingetosha kumaliza habari ya 650.

Shemeji nami nataka niseme naye, kwa heshima. Hakosei kusema kwamba 650 ina nguvu. Mtu anayesafiri kwa pikipiki yenyewe, na mzigo wake wote nyuma, kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, kilometa zaidi ya 300 kwa lami, atafurahia injini ile. Lakini safari hiyo nyinyi mnaifanya kwa Canter. Pikipiki yenu itaanza kazi pale Canter inapoishia: kilometa 10 au 20 za mchanga, vijia vya katikati ya mihogo, madaraja ya magogo mawili. Huko nguvu inasaidia kidogo na uzito unasumbua sana. Pikipiki ya kilo 195 ikizama mchangani kwenye gurudumu la mbele, inamlaza mtu chini. Na ikilala, mtu mmoja wa umri wetu anaiinua kwa tabu, au anakaa kusubiri wapita njia.

Halafu vipuri. Klachi ya HLX ikiisha Fungurume, utaipata Fungurume. Mnyororo, kebo, pleti za breki, mpira wa ndani, vyote vinauzwa pale pale wanapokaa manseba, na kila kwado (mziba tairi) na kila fundi wa chini ya mwembe anaijua injini ile. KLR ikikataa kuwaka njia ya Kasenga, nani ataifungua, na kipuri kitatoka wapi? Chagueni ile yenye kiki ya mguu. Itakaa nyuma ya Canter wiki kadhaa bila kuwashwa, betri itashuka, na kiki itawaokoa.

Kama mtakuta Yamaha AG100 iliyotunzwa, zile walizokuwa wakipanda mapadri na mafundi wa kilimo, msiidharau. Ni nyepesi kuliko zote nilizotaja na ilitengenezwa kwa kazi za shamba. Ila inachoma mafuta ya tustroki pamoja na petroli, na vipuri vyake si vya kila soko. Kwa maisha yenu ningebaki kwenye HLX au Boxer.

Kuhusu kudhaniwa manseba: Shemeji, mtu anayefika kijijini na kichwa cha cherehani kimefungwa nyuma yake hachanganywi na yeyote. Tengenezeni sanduku la mbao la kukaa kwenye kerya ya nyuma ya kiti, ndani yake sponji, na ubavuni muandike kwa rangi FUNDI CHEREHANI kwa herufi ambazo mtu anazisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Wakimsimamisha itakuwa kwa sababu ya kazi yake. Na sanduku hilo mtalihitaji kwa vyovyote, maana kichwa cha cherehani cha chuma kina kilo 12 au zaidi, na kikipigapigwa juu ya chuma kitaharibika kabla hakijafika kwa mwenyewe.

Sasa kibebeo. Yule wa bampa mwambieni asante. Bampa haikutengenezwa kubeba, na chuma kilichochomelewa juu yake kitapasuka kwenye mshono, polepole, hadi siku mtakapotazama kioo na kuona hakuna pikipiki. Canter ina mihimili miwili mirefu ya shasi inayokwenda hadi nyuma. Kibebeo kishike hapo, mihimili yote miwili, kwa boliti ngumu na nati za kujikaza, na mikono yake iingie mbele kwenye shasi kiasi cha kutosha. Fundi asichome wala kutoboa hovyo sehemu za juu na za chini za mhimili. Matundu yapite ubavuni mwake. Kwenye kibebeo kuwe na mfereji wa chuma wa kupokea magurudumu, na upande mmoja kizuizi ambamo gurudumu la mbele linaingia na kubanwa. Kikae karibu na sanduku kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila sentimita ya kwenda nyuma inaongeza ile hesabu ya ubao. Lakini kisishuke chini sana: Canter ikitoka kwenye korongo, mkia ndio unaogusa ardhi kwanza.

Kuna vitu viwili mafundi wengi wanasahau. Cha kwanza ni ekzosi ya Canter. Kama inatoa moshi kwa nyuma, tazameni isielekee kwenye tairi ya pikipiki, kwa kuwa joto la dizeli likipuliza mpira kwa saa tatu linauharibu. Cha pili ni taa na plaki ya namba. Pikipiki itazifunika, kwa hiyo zihamishieni kwenye ubao nyuma yake, pamoja na viakisi vyekundu. Bila hivyo, aliye nyuma yenu hajui mnapofunga breki, na polisi wa barabarani watakuwa na la kusema kila kituo.

Kupandisha. Tuseme kibebeo kiko sentimita 70 kutoka ardhini na mna ngazi ya chuma ya mita 2.1. Mteremko huo unadai msukumo wa theluthi moja ya uzito: kwa HLX ni kilo 38 hivi, kwa KLR ni 65. Watu wawili wazima wanaziweza 38. Zile 65, kwa ngazi iliyolowa Januari, siwaombei. Mmoja ashike usukani na breki, mwingine asukume akiwa ubavuni mwa nyuma, na asisimame kamwe chini ya pikipiki katikati ya ngazi. Ngazi yenyewe ifungwe kwenye kibebeo, isije ikateleza.

Kufunga ni kwa mikanda minne ya kukazia mizigo, ile yenye kishikio cha chuma cha kukaza. Miwili inatoka kwenye ubao wa chini wa foku (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), kulia na kushoto, ikishuka kwenda mbele. Miwili inashika fremu nyuma. Pikipiki isimame wima, mguu wake umekunjwa. Foku zikazwe hadi zishuke kama nusu. Zikishushwa hadi mwisho, sili zinaharibika na mafuta yanaanza kutoka. Tafadhali, zile kamba za mpira zinazokatwa kwenye mipira ya ndani zibaki kwenye baiskeli. Mpira unavutika, na kila shimo unaipa pikipiki nafasi ya kucheza. Fungeni bomba la petroli. Mkianza safari, simameni baada ya kilometa 10, kazeni tena; baada ya hapo kazeni kila mnaposimama. Mwezi wa sita hadi wa tisa safisheni chujio la hewa mara kwa mara hata kama pikipiki haikuendeshwa, kwa sababu nyuma ya lori ndiko vumbi lote linakorudi.

Mpwa wenu ana nia njema, lakini mwambieni hapana. Pikipiki inatoa mvuke wa petroli hata ikiwa imezimwa, na nyinyi mnapika kwa mbabula, jiko la makaa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni, ukifika kwenye kaa la moto hauna onyo. Kwa sababu hiyo hiyo dumu la petroli likae nje. Na kwa kuwa tumeitaja mbabula: hata bila pikipiki, isiwake ndani ya sanduku milango ikiwa imefungwa. Moshi usioonekana wa makala unaua watu usingizini.

Trela ingefaa kama mngekuwa na pikipiki mbili au kama mizani ikisema mkia hauna nafasi. Kwa moja ndogo ni tairi nyingine za kununua, na ni tabu kubwa kurudi nyuma kwenye njia nyembamba yenye tope. Juu ya paa hata msifikirie.

Nimekuja kwenye neno uliloliweka mwisho, nami naliona ndilo la kwanza. Mwambie mumeo kwamba unaogopa kubaki. Mwambie leo, kabla ya kumwambia habari za kilo. Hutakuwa unamnyima kitu, utakuwa unamwonyesha kitu ambacho hajakiona. Yeye anaiangalia pikipiki kama mtu anayeondoka, wewe unaiangalia kama mtu anayebaki, na pikipiki mnayoinunua ni ya wote wawili. Akiugua malaria usiku mko kilometa 15 kutoka kituo cha afya, anayepaswa kuwasha ni wewe. Kwa hiyo anayepimwa dukani ni wewe pia. Kaa kwenye kiti: nyayo zote mbili zifike chini bila kunyanyua visigino. Isukume mbele na nyuma ikiwa imezimwa. Kisha mwombe muuzaji ailaze kwenye majani, uiinue: geuza usukani hadi mwisho, ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na kerya kwa mwingine, sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Ikikushinda, endeleeni kutafuta.

Kujifunza kwenyewe kufanyike uwanja wa mpira, asubuhi kabla watoto hawajaja, msimu wa kiangazi. Klachi na gia ya kwanza peke yake hadi mkono uzoee, kisha breki, mchanga baadaye. Na Canter vilevile, mumeo akufundishe angalau kuiwasha, kuitoa ilipo na kuifikisha barabarani. Leseni itafuata, na ifuate kweli, usiendeshe mjini bila hiyo. Kofia ngumu ziwe mbili.

Makaratasi kwa kifupi. Pikipiki iliyo nyuma ya gari bado ni chombo kinachojitegemea: ina karte roze yake (kadi ya usajili), bima yake, plaki yake. Namba ya chesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu muisome kwa macho yenu na kuilinganisha na karatasi kabla ya kulipa; kama imekwaruzwa, ondokeni. Kumbukeni pia kwamba bei ya Kitwe si bei ya Lubumbashi. Kuna ushuru wa forodha mpakani Kasumbalesa, kuna kubadilisha plaki, na kuna siku za kusubiri ambazo nyinyi mnakula bila kushona.

Mkishapima, niandikie tena. Nataka namba mbili: ekseli ya nyuma imeonyesha kilo ngapi kwenye mizani, na kibati kinairuhusu ngapi. Nikiwa nazo nitakuambia kama tangi la maji lihamie mbele ya ekseli kabla fundi hajaanza kukata chuma.

Yaya